Mabomba Yaliyofukiwa Shambani: Nani Anajua Hesabu Yake?

Mwenye shamba la mbuga anaijua taabu hii. Mvua inanyesha siku tatu mfululizo. Maji yanatuama shambani. Mahindi yaliyokuwa ya kijani yanaanza kuwa ya manjano. Baada ya wiki moja yanadumaa, ingawa maji ni tele. Jirani aliyelima kwenye mwinuko anavuna. Wewe wa bondeni unabaki kushika tama.

Wazee wetu walikuwa na dawa yao. Walilima matuta. Walichimba mitaro ya kutoa maji. Mahali ambapo maji hayakutoka walijenga majaruba, wakapanda mpunga. Njia hizo ni nzuri, na mpaka leo tunazitumia.

Huko Marekani wakulima wengi wana njia nyingine. Wanafukia mabomba chini ya ardhi. Maji ya ziada yanaingia ndani ya mabomba hayo na kwenda zake mtoni. Ukisimama juu ya shamba huoni kitu. Unaona mahindi tu, tena yamestawi.

Lakini leo hatuelezi mabomba peke yake. Kuna swali jingine: mashamba yenye mabomba hayo ni eka ngapi? Kitu kilichofukiwa hakionekani. Anayetaka kukihesabu inambidi amwulize mwenye shamba. Na mwenye shamba huenda naye hajui. Habari hii inatuhusu na sisi pia, maana hata kwetu hesabu nyingi za kilimo zinaanzia mdomoni mwa mkulima.

KWA NINI MAJI MENGI HUHARIBU MAZAO?

Watu wengi hufikiri mizizi inahitaji maji tu. Siyo hivyo. Mizizi inahitaji maji, na inahitaji hewa pia. Katika udongo mzuri kuna vijitundu vidogo vidogo. Vingine vina maji, vingine vina hewa. Mvua ikizidi, vijitundu vyote hujaa maji. Hewa inafukuzwa. Mizizi inakosa pumzi, halafu inaoza.

Marekani kuna jambo jingine tena. Kule kuna majira ya baridi kali. Theluji inafunika mashamba. Baridi ikiisha, theluji inayeyuka na udongo unalowa chepechepe. Udongo uliolowa hupata joto polepole. Tena trekta haliwezi kuingia, litazama. Basi mkulima anachelewa kupanda. Na mkulima aliyechelewa kupanda, wewe mwenyewe unajua mavuno yake.

MABOMBA HAYO YANAFANYAJE KAZI?

Bomba hulazwa chini kiasi cha mita moja hivi, au zaidi kidogo. Halinyooki sawasawa kama meza. Hulazwa kwa kuteremka kidogo kidogo ili maji yatembee yenyewe. Likilazwa vibaya, maji yatasimama humo ndani na kazi yote itakuwa bure.

Bomba lina matundu madogo. Maji yaliyozidi udongoni huingia kwa matundu hayo. Mabomba madogo hupeleka maji kwenye bomba kubwa, na bomba kubwa hutoa maji kwenye mtaro au mtoni. Toka bomba moja hadi jingine huweza kuwa mita 10, au 20, au 30. Udongo wa mfinyanzi hutaka mabomba yakaribiane. Udongo wa kichanga huruhusu yaachane.

Je, mabomba hunyonya maji yote na kuacha shamba kavu? Hapana. Yanatoa maji yale ya ziada tu. Unyevu ulioshikwa na udongo unabaki kwa ajili ya mimea.

KAZI HII ILIANZAJE?

Huko Marekani kazi hii inakumbukwa kwa jina la mkulima mmoja, John Johnston. Alizaliwa Uskochi, akahamia Marekani mwaka 1821. Alipata shamba karibu na mji wa Geneva, katika jimbo la New York. Shamba lake lilikuwa na maji mengi. Johnston alikumbuka namna walivyofanya kwao Uskochi. Mwaka 1838 alianza kufukia mabomba mafupi ya udongo wa kufinyanga, yaliyochomwa motoni kama vyungu. Majirani walimcheka. Walisema mtu huyu ana wazimu, anazika vyungu ardhini. Lakini ngano yake ilipostawi kuliko yao, kicheko kiliisha. Wengi wakamfuata.

Baadaye kazi hiyo ilienea magharibi, katika majimbo ya Ohio, Indiana, Illinois, Iowa na Minnesota. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa tambarare yenye maji na majani marefu. Leo ndiko kunakotoka mahindi mengi na maharage ya soya ya Marekani. Bila kutoa maji, mashamba mengi ya huko yasingelimika vizuri.

Zamani watu walichimba kwa sururu na sepetu. Walipanga vigae vya udongo kimoja baada ya kingine, na maji yaliingia kwenye viungo. Toka miaka ya mwisho ya 1960, mabomba ya plastiki yalianza kuchukua nafasi ya yale ya udongo. Siku hizi mashine moja inachimba, inalaza bomba, inakwenda mbele. Lakini Wamarekani bado wanayaita mabomba hayo "vigae", hata kama ni ya plastiki. Jina la zamani limebaki.

MABOMBA YALIONGEZEKA

Marekani hufanya sensa ya kilimo kila baada ya miaka 5. Sensa ni kuhesabu. Katika sensa ya mwaka 2012 wakulima waliulizwa: una eka ngapi zenye mabomba ya kutoa maji? Majibu yalipojumlishwa, zilipatikana eka milioni 48 na laki 6. Sensa ya mwaka 2017 iliuliza tena. Safari hii zilipatikana eka milioni 55 na laki 6.

Jimbo la Iowa ndilo lililoongoza mwaka 2017. Lilikuwa na eka kiasi cha milioni 14 zenye mabomba. Hizo ni zaidi kidogo ya nusu ya ardhi yote inayolimwa mazao katika jimbo hilo. Katika jimbo la Minnesota, eka zilipanda toka milioni 6 na nusu hivi mwaka 2012 hadi milioni 8 hivi mwaka 2017.

Ukitoa 48.6 katika 55.6 unapata 7. Basi mtu anayesoma haraka atasema: "Katika miaka 5 Wamarekani wamefukia mabomba katika eka milioni 7 mpya." Je, ni kweli? Ngoja kwanza. Tuitazame hesabu hiyo ilikotoka.

HESABU HIZI ZINATOKA WAPI?

Hakuna mtu aliyechimba mashamba yote kuona mabomba. Serikali hupeleka fomu kwa wakulima. Mkulima anajaza na kurudisha. Sheria inamtaka ajibu. Sheria hiyohiyo inawakataza wenye sensa wasitoe siri ya mkulima yeyote. Wanatoa jumla tu.

Hata hivyo si wote wanaojibu. Mwaka 2012, katika kila wakulima 100 waliopelekewa fomu, 75 hivi walijibu. Mwaka 2017 walijibu 72 hivi. Mwaka 2022 walijibu 61 tu. Na wale ambao hawakujibu? Wataalamu wa hesabu hukadiria. Huwatazama wakulima waliojibu walio sawa na wale wasiojibu, halafu hujaza pengo. Hiyo siyo hila. Ni kazi ya kitaalamu na wanaitangaza wazi. Lakini pengo likizidi kuwa kubwa, makisio nayo yanazidi.

SABABU ZA HESABU KUKOSEA

Sababu ya kwanza ni kusahau. Mabomba mengine yalifukiwa na babu wa babu. Aliyechimba amekwisha kufa na hakuacha ramani. Mrithi anagundua bomba siku linapopasuka na kutoboa shimo katikati ya shamba. Mtu kama huyo akiulizwa una eka ngapi zenye mabomba, atajibu nini? Atakisia.

Sababu ya pili ni kukodi. Wakulima wengi wa Marekani hulima ardhi ya kukodi. Mwenye ardhi huenda anakaa mjini. Fomu inajazwa na anayelima. Yeye anajua mbegu aliyopanda na mbolea aliyoweka. Kilichofukiwa chini miaka 80 iliyopita hakijui.

Sababu ya tatu ni swali lenyewe. Tuseme shamba ni eka 40, na bomba moja linapita bondeni tu. Je, uandike eka 40 au uandike eka zile chache za bondeni? Wakulima wawili wenye mashamba yanayofanana wanaweza kuandika majibu mawili tofauti. Wala hakuna kati yao aliyesema uwongo.

Sababu ya nne ni hofu. Toka mwaka 1985 kuna sheria Marekani inayomnyima mkulima misaada ya serikali akikausha ardhi ya majimaji ya asili ili apande mazao. Sheria hiyo iliwekwa ili kulinda ndege, samaki na maji. Sasa mtu akiulizwa habari za mabomba, anaweza kujiuliza moyoni: "Wanataka nini hawa?" Hata akiambiwa jibu lake ni siri, huenda asiamini.

Sababu ya tano ni kuacha kuuliza. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu mashamba yaliyotolewa maji. Baada ya hapo, swali hilo halikurudi katika sensa ya kilimo hadi mwaka 2012. Hiyo ni miaka 34. Katika miaka hiyo mabomba ya plastiki yalienea sana. Mtu akitaka kujua yaliongezeka mwaka gani na wapi, anakuta pengo. Jambo lisiloulizwa kwa wakati wake, baadaye ni vigumu kulijua.

Basi turudi kwenye zile eka milioni 7. Hakuna shaka kwamba mabomba mapya yalifukiwa, na ni mengi. Lakini sehemu ya ongezeko hilo yaweza kuwa mabomba ya zamani ambayo mwaka 2012 hayakuandikwa na mwaka 2017 yaliandikwa. Hesabu inatuonyesha njia: katika miaka hiyo mabomba yaliongezeka. Lakini haituruhusu tuape kwamba ni eka milioni 7 kamili.

KWANI KUNA UBAYA GANI KUTOJUA?

Mtu atauliza: "Mabomba ni ya mkulima na yako shambani kwake. Kuyahesabu kwa nini?"

Jibu ni hili. Maji yanayotoka shambani hayatoki peke yake. Yakipita juu ya ardhi, hubeba udongo. Yakipita chini kwenye mabomba, hubeba nitrati. Nitrati inatokana na mbolea ya chumvichumvi, samadi, na udongo wenyewe. Inayeyuka upesi kama chumvi kwenye mchuzi. Bila bomba, maji hupenya ardhini polepole, na sehemu ya nitrati hupotea njiani. Kwa bomba, yanafika mtoni kwa haraka pamoja na nitrati yake. Mkulima amepoteza mbolea aliyoinunua kwa fedha yake, na mtu wa chini ya mto ameletewa mzigo usio wake.

Mji wa Des Moines ndio makao makuu ya jimbo la Iowa. Watu wake wanatumia maji ya mito miwili, mto Raccoon na mto Des Moines. Mito hiyo inapita katika nchi yenye mabomba mengi. Sheria ya Marekani inasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 10 za nitrojeni ya nitrati katika kila lita. Ikizidi, ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo. Damu yake inashindwa kubeba hewa vizuri.

Kwa hiyo mji huo ulilazimika kujenga mtambo wa kuondoa nitrati, na kuuendesha ni gharama. Mwaka 2015 wenye maji wa mji huo waliwashtaki wasimamizi wa mitaro na mabomba wa wilaya tatu za juu ya mto. Mwaka 2017 jaji aliitupa kesi hiyo. Alisema kisheria wasimamizi hao hawana uwezo wa kuondoa tatizo hilo. Lakini nitrati haikusikia hukumu. Mwezi Juni mwaka 2025 ilizidi sana mtoni, hata watu wa Des Moines na miji ya jirani wakakatazwa kumwagilia majani ya nyumba zao, ili mitambo iweze kusafisha maji ya kunywa ya kutosha.

Maji hayo hayaishii Des Moines. Yanaingia mto Mississippi na kwenda mpaka Ghuba ya Mexico. Huko mbolea inalisha mwani. Mwani unaota kwa wingi, unakufa, unaoza, unamaliza hewa iliyo majini. Samaki wanakimbia, na viumbe wasioweza kukimbia wanakufa. Mwaka 2017 eneo hilo lisilo na hewa lilipimwa likawa kilomita za mraba 22,730. Wavuvi wa Ziwa Viktoria hawatashangaa. Nao wameona mwani na magugumaji yakistawi pale maji yanapobeba mbolea na uchafu kutoka nchi kavu.

Sasa serikali ikitaka kusaidia, ianzie wapi? Ipo njia ya kuweka mlango kwenye bomba ili mkulima ayazuie maji wakati hayahitaji kutoka. Ipo njia ya kuyapitisha maji katika shimo lililojazwa vipande vya mbao, ambamo vijidudu hula nitrati. Lakini huwezi kuweka mlango kwenye bomba usilojua lilipo. Ukikosa hesabu nzuri, fedha zitakwenda mahali pasipo na shida, na penye shida patabaki vilevile. Au atalaumiwa asiyehusika.

KUPIMA BILA KUULIZA

Wataalamu wametafuta njia nyingine. Wanapiga picha kutoka angani. Siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, udongo ulio juu ya bomba hukauka kwanza. Katika picha unaonekana kama mistari myeupe, na katikati ya mistari udongo bado ni mweusi. Hapo bomba limejionyesha lenyewe.

Lakini picha nayo ina kasoro zake. Lazima ipigwe siku ileile inayofaa. Mawingu yakitanda, hakuna picha. Mahindi yakikua, yanafunika mistari.

Njia nyingine ni ya kukadiria. Wanachukua ramani ya udongo. Wanasema: hapa ni tambarare, udongo wake hushika maji, na panalimwa mahindi, bila shaka pana mabomba. Mara nyingi wanapatia. Mara nyingine wanakosea. Kwa hiyo wataalamu wazuri hawashiki njia moja. Wanalinganisha picha, ramani na majibu ya wakulima. Zikikubaliana zote tatu, wanaamini. Zikipingana, wanakwenda shambani kuangalia.

NA SISI JE?

Hapa petu hatuna mabomba hayo kwa wingi. Lakini tunahesabiwa. Tanzania ilifanya sensa ya kilimo, mifugo na uvuvi ya mwaka 2019/20. Kabla ya hapo zilikuwapo sensa za 2002/03 na 2007/08. Hazikwenda kwa kila kaya. Zilichukua kaya chache kwa mfano, na hizo zikasema kwa niaba ya nyingine nyingi. Kwa hiyo jibu la mkulima mmoja lina uzito wa wakulima wengi.

Tuchukue mfano. Karani wa sensa anafika nyumbani kwa mzee mmoja.

"Hodi! Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa kitako."

"Ahsante mzee. Naomba kuuliza. Shamba lako la mahindi ni eka ngapi?"

"Aa, ni kama eka tatu hivi."

"Umewahi kulipima?"

"Kulipima? Marehemu baba aliniambia ni eka tatu. Lakini mimi nimeongeza kule kwenye kichaka."

"Na msimu uliopita ulipata magunia mangapi?"

"Andika kumi."

"Magunia ya kilo 100, mzee, au lumbesa?"

"Mwanangu, gunia ni gunia."

Ndugu msomaji, mzee huyu si mwongo. Ni mtu mkarimu, na anajibu kwa moyo mweupe. Lakini eka zake si tatu na magunia yake si kumi. Lumbesa moja hushinda gunia la kilo 100 kwa uzito. Na kama tukigawa mavuno yasiyojulikana kwa eka zisizojulikana, tunapata nini?

Hata kupima kwa hatua kuna mtego wake. Watu husema eka moja ni hatua 70 kwa 70. Hiyo ni kweli ikiwa hatua ni ya yadi moja, yaani sentimita 91 hivi. Mtu mrefu anayetupa hatua ya mita moja atapata mita za mraba 4,900. Mtu mfupi mwenye hatua ya sentimita 75 atapata mita za mraba 2,756 tu. Eka ya kweli ni mita za mraba 4,047. Wote wawili wamehesabu 70 kwa 70, wote wawili wanasema ni eka moja, na mashamba yao hayalingani hata kidogo. Ndiyo maana kamba iliyopimwa ni bora kuliko miguu.

Wapo wanaopunguza makusudi kwa kuogopa kodi au mchango. Wapo wanaoongeza wakitumaini kupata mbolea nyingi ya ruzuku. Wote wanajidanganya. Wakulima wakisema wamevuna kidogo wakati wamevuna kingi, soko la mazao yao halitaandaliwa. Wakisema wamevuna kingi wakati ghala ni tupu, chakula cha njaa kitapelekwa kwingine.

TUFANYE NINI?

Wewe umekwisha jua kusoma na kuandika. Basi kalamu yako isilale. Nunua daftari moja la shamba. Andika mambo haya:

1. Ukubwa wa kila shamba, uliopimwa kwa kamba yenye alama za mita. Kama ni la mraba au mstatili, zidisha urefu kwa upana, halafu gawa kwa 4,047. Utapata eka.

2. Tarehe uliyopanda, mbegu uliyopanda, na mbolea uliyoweka kwa kilo.

3. Mavuno kwa kilo. Kama huna mizani, hesabu debe zilizojaa sawasawa, na utumie debe lilelile kila mwaka.

4. Mahali maji yanapotuama, mahali mtaro ulipochimbwa, na mwaka uliochimbwa. Chora ramani ndogo. Hata kama ni mistari minne tu, mjukuu wako atakushukuru.

Karani akija, usikisie. Leta daftari. Usilolijua, mwambie hujui. Kusema "sijui" si aibu. Jibu la kubahatisha linaonekana sawasawa na jibu la kweli likishaandikwa kwenye fomu, na hapo hakuna awezaye kuyatofautisha.

Na wewe ukisikia hesabu redioni au kuisoma gazetini, usiipokee kama neno la mwisho, wala usiitupe. Uliza: Nani alihesabu? Alimwuliza nani? Wangapi hawakujibu? Je, mwaka ule na mwaka huu swali lilikuwa moja?

Wale wakulima wa zamani wa Marekani walifanya kazi nzuri. Walichimba kwa jasho, wakageuza nchi ya majimaji kuwa mashamba ya nafaka. Lakini wengi wao hawakuandika walipochimba, na wajukuu zao mpaka leo wanakisia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mahindi huwa ya manjano maji yanapotuama shambani?

2. Taja sababu tatu zinazoweza kufanya hesabu ya mabomba ya Marekani isiwe kamili.

3. Maji yanayotoka shambani kwako yanakwenda wapi? Nani anayatumia huko chini?

4. Watu wawili wa kikundi wapime uwanja mmoja, kila mtu kwa hatua zake. Halafu upimwe kwa kamba. Tofauti ni kiasi gani?

5. Je, katika kijiji chenu kuna mtaro, bomba au kisima ambacho hakuna anayejua kilichimbwa mwaka gani? Ni mzee gani anayekumbuka? Nendeni mkamwulize mapema, mkaandike.